Homa ya ini C na medikali ya kwenda Ghuba: maswali ninayoulizwa majibu yanapogongana

Mimi ni mtu wa maabara, si daktari, ingawa wengi huniita hivyo na nimechoka kuwasahihisha. Kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya wanaonijia na karatasi mbili mkononi ni vijana wanaotaka kwenda Saudia, Qatar, Kuwait, Omani au Dubai: madereva, walinzi, mafundi umeme, akina dada wa kazi za ndani. Karatasi moja inasema homa ya ini C ipo, ya pili inasema haipo, na pesa ya watu imeshaingia kwa wakala. Maswali yao nimeyaandika hapa kama wanavyoyauliza.

Kituo cha medikali kimesema nina C. Nikaenda hospitali ya rufaa, wakasema sina. Nani mwongo?

Mara nyingi hakuna mwongo hapo. Kila karatasi imejibu swali lake. Kituo kimetafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukishakutana na kirusi cha C. Hospitali, ikiwa ilifanya kipimo cha PCR, imetafuta kirusi chenyewe, yaani RNA yake (chembe zake za urithi) ndani ya damu. Fikiria ufukweni alfajiri. Ukiona nyayo mchangani unajua kuna mtu kapita, ila hujui kama bado yuko pale kwenye minazi au aliondoka na jahazi tangu jana. Na nyayo nyingine, ukiinama ukazitazama vizuri, wala si za mtu, ni za mbuzi. Kingamwili ni nyayo. PCR ni kwenda kumtafuta mwenyewe.

Kwa hiyo mtu mwenye kingamwili chanya na PCR hasi yuko katika moja ya hali tatu. Inawezekana aliwahi kuambukizwa na mwili wake ukamfukuza mgeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kama watu 30 katika 100 (kati ya 15 na 45) hupona wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote. Inawezekana alitibiwa akapona. Au hajawahi kuwa na C hata siku moja, na kipimo kilidanganywa na kingamwili za kitu kingine. Kwa afya yako hali hizo zote zinafika pamoja: kirusi hakimo kwenye damu yako.

Shida ni kwamba mwajiri wa Ghuba hakuoni wewe, anaiona karatasi. Hilo nitalirudia chini, maana ndilo linalowaliza watu.

Mbona mimi sehemu zote mbili wamenipima kingamwili, hakuna PCR, na bado majibu yamepishana?

Kwa sababu vipimo vya kingamwili navyo haviko sawa. Kuna kile cha haraka, tone la damu ya kidole, unasubiri kama dakika 20 unasoma mistari. Kuna Elisa, kipimo cha maabara kinachosoma rangi, na kuna mashine mpya zaidi zinazosoma mwanga. Kila mtengenezaji ameweka vipande vyake vya protini za kirusi kama chambo, na damu inayonasa kwenye chambo cha huyu inaweza isinase kwenye cha yule.

Kisha kuna jambo ambalo wateja hawaambiwi. Mashine haisemi "ndiyo" wala "hapana". Inatoa namba. Ishara iliyosomwa inagawanywa kwa kizingiti cha kipimo, na kwa mashine nyingi ikifika 1 au zaidi, karatasi inaandikwa chanya. Sasa mtu mwenye 1.2 na mtu mwenye 15 wote wanatoka na neno lilelile. Mwenye 15 uwezekano ni mkubwa kwamba kweli alikutana na kirusi. Mwenye 1.2 yuko mlangoni: leo kaingia, kesho akipimwa kwa mashine nyingine anabaki nje. Ndiyo maana kila mtu ninamwambia aombe namba, si neno tu. Mara nyingi huandikwa kwa herufi S/CO, na ipo kwenye kumbukumbu za mashine hata kama haikuchapwa.

Halafu kuna makosa ya kibinadamu, na sitajifanya hayapo. Katika maabara moja niliyofanyia kazi zamani tuliwahi kubandika lebo ya mtu kwenye chupa ya mwenzake. Majina yao yalilingana mpaka la tatu, walikuja asubuhi moja, walikaa benchi moja. Tuligundua kwa bahati, kwa sababu mmoja alirudi akigombana kwamba kundi lake la damu limebadilika. Kitepe cha kipimo cha haraka kikisomwa baada ya nusu saa badala ya muda ulioandikwa kwenye boksi, mstari hafifu hujichora wenyewe. Vitepe vilivyokaa kwenye joto navyo si vya kuaminiwa sana.

Lakini hivi vipimo si wanasema ni sahihi asilimia 99? Inawezekanaje mtu mzima aonekane mgonjwa?

Hesabu hii fanya na kalamu. Namba ni za mfano tu. Tuseme watu 1,000 wamepanga foleni ya medikali, na watu 5 kati yao kweli wana C. Kipimo ni kizuri, kinawanasa wote watano. Kwa wazima kinakosea mara 1 tu katika 100. Wazima ni 995, kwa hiyo karibu 10 kati yao watatoka chanya bure. Umebaki na karatasi 15 za chanya, na 10 ni za watu ambao hawana kitu.

Kipimo hakijaharibika hapo. Ugonjwa wenyewe ndio haba. Pale ambapo ni wa kawaida, hesabu inageuka. Misri ndiyo mfano mkubwa: tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa vijijini walichomwa sindano za kutibu kichocho, na sindano zilitumiwa kwa mtu zaidi ya mmoja. Kirusi kikasambaa nchi nzima hata kabla hakijajulikana, maana kiligunduliwa mwaka 1989. Serikali ya Misri ilipoamua kupima watu, kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, walipimwa karibu milioni 50. Kwa mkulima mzee wa Delta ya Nile, kingamwili chanya kwa kawaida ni kweli. Kwa kijana wa miaka 23 kutoka Singida, Kakamega au Mbarara ambaye hajawahi kuongezewa damu wala kujidunga dawa za kulevya, kipimo kilekile kina uzito mwingine kabisa. Huko Rakai, Uganda, watafiti waliporudia kupima kwa makini sampuli za watu waliotoka chanya kwenye Elisa walikuta nyingi zilikuwa chanya za uongo.

Kwa nini damu za huku kwetu hudanganya vipimo? Miili yetu imepigana vita vingi: malaria, minyoo, maambukizi ya kila namna, na imejaza damu kingamwili za aina nyingi. Baadhi zinanasa kwenye chambo kisichokuwa chao. Magonjwa ambamo kinga hushambulia mwili wenyewe, kama ule wa baridi yabisi ya viungo, nayo huleta hali hiyo.

Nilichangia damu mwezi uliopita, benki ya damu hawakusema kitu. Hiyo si ushahidi?

Ni dalili nzuri. Damu ya kuchangia hupimwa UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Benki ya damu ikikukuta hasi mwezi uliopita na kituo kikakukuta chanya leo, na katikati hapo hukupitia hatari yoyote, mimi ningeegemea kwamba cha kituo ni chanya ya uongo. Ila kuegemea si kuthibitisha. Fanya PCR. Na usidhani kimya cha benki ya damu ni jibu, rudi ukaulize.

Inaweza kuwa kinyume? Kingamwili hasi lakini kirusi kipo?

Inaweza. Ukiambukizwa leo, PCR huanza kukiona kirusi ndani ya wiki 1 hadi 2. Kingamwili huchelewa, kwa kawaida wiki 8 hadi 11, na kwa wachache hufika hata miezi 6. Katika pengo hilo kipimo cha kituo kitasema uko safi. Watu wenye kinga dhaifu, au wanaosafishwa damu kwa mashine ya figo, wanaweza kubaki hasi muda mrefu zaidi. Kama miezi michache iliyopita ulichomwa sindano isiyoeleweka au ulichangia wembe na mtu, mwambie anayekupima.

Wakala ananiambia nihamie kituo kingine, au nibadilishe pasipoti, "hii kitu inapita".

Miadi ya medikali ya nchi za Ghuba inakatwa kwenye mfumo mmoja, Wafid, ule ambao wengi bado wanauita GAMCA. Majibu yanaingizwa humo na kufungwa na namba ya pasipoti, pamoja na alama za vidole na picha. Kituo cha pili hakikuoni kama mgeni. Pasipoti mpya ya kukwepa majibu ni kosa jingine kabisa, na hapo hatuzungumzii tena ini.

Kuna na wale wanaouza "majibu safi". Ukifika kule unapimwa tena kabla ya kupewa kibali cha ukaazi. Ukishindwa hapo unarudishwa, na deni ulilokopa kwa shangazi halirudishwi. Aliyekuuzia karatasi hatapokea simu.

PCR nifanye wapi, na niulize nini kabla ya kulipa?

Hospitali kubwa za rufaa na maabara binafsi za mijini hufanya, au hutuma sampuli kwenye maabara kubwa zaidi. Mashine za GeneXpert, zile zinazojulikana kwa kupima kifua kikuu, zina katriji ya homa ya ini C pia, na zimesambaa hadi hospitali nyingi za wilaya. Kuwa na mashine si kuwa na katriji, kwa hiyo piga simu kwanza. Uliza kama ni kipimo cha kuhesabu kirusi, majibu yanachukua siku ngapi, na sampuli inapimwa hapohapo au inasafirishwa. Hili la mwisho si udadisi. RNA ni laini. Damu inatakiwa itenganishwe ndani ya saa chache na iwekwe kwenye baridi. Chupa iliyoshinda kwenye pikipiki jua la Februari Dar es Salaam inaweza kutoa hasi ya uongo.

Huna haja ya kufunga kula. Hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na namba ya pasipoti iwepo kwenye majibu. Juma Ali Juma wako wengi.

PCR yangu imeandikwa "<15 IU/ml". Ni hasi?

Hapa ndipo hata wauguzi huteleza. Soma neno lililo pembeni ya namba. Kama limeandikwa kirusi hakikuonekana, ni hasi, basi. Kama limeandikwa kimeonekana lakini ni chini ya 15, maana yake kirusi kipo, ni kidogo mno kuhesabika. Huyo wa pili si mzima mpaka arudie. Namba ya 15 yenyewe ni ya mashine hiyo. Nyingine ina 10, nyingine 12. Kama karatasi ina alama tu bila neno, irudishe dirishani waliandike.

PCR moja iliyosema hakionekani inatosha kwa mtu ambaye hana tukio la hatari la karibuni. Kama hatari ilikuwa ndani ya miezi 6 iliyopita, rudia tena baadaye, kwa sababu mwanzoni kirusi hupanda na kushuka.

Vipimo vya ini langu na ultrasound ni kawaida. Hivyo haviwezi kumaliza ubishi?

Haviwezi. Watu wengi wenye C huishi miaka na ini linaloonekana zuri tu kwenye karatasi. Hifadhi pesa yako kwa PCR.

Basi PCR ni hasi. Kituo kitanipitisha?

Sasa tumefika. Orodha ya magonjwa ya kuambukiza yanayomzuia mtu kwenye medikali ya Ghuba inataja homa ya ini B na C, na kipimo cha mlangoni cha C ni kingamwili. Nimeona waliopeleka PCR, wakachukuliwa damu upya wakapitishwa. Nimeona pia walioambiwa kwamba kingamwili ni chanya na hilo halibadiliki, imekwisha. Usitarajie haki ya kitabibu na haki ya viza zitembee pamoja. Daktari anauliza, "Huyu ni mgonjwa?" Viza inauliza, "Huyu ametoka safi kwenye kila mstari wa fomu?"

Unachoweza kufanya ni kusogeza jambo kwa utaratibu. Nenda kituoni mwenyewe, usitume wakala. Omba kuonana na daktari wa kituo, si mtu wa mapokezi. Mwombe kwa upole akuambie kama majibu yameshaingizwa kwenye mfumo au bado yanasubiri, maana kabla hayajafungwa nafasi ya kurudia ni kubwa zaidi. Mwombe arudie kwa sampuli mpya, kwa kipimo cha aina nyingine ikiwezekana, na umwachie nakala ya PCR. Ukimkuta mtu mwenye uelewa, namba ya S/CO ya chini pamoja na PCR hasi ni hoja nzito. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Itakusaidia kudai pesa kwa wakala, kama mkataba wenu unasema chochote kuhusu medikali. Na kama mkataba hausemi, basi sasa unajua kwa nini mkataba husomwa kabla ya kutia sahihi.

Nchi nje ya Ghuba zina taratibu zake. Kwa mtu aliyekwama hapa bado kuna milango, ila soma masharti ya kazi yenyewe. Kazi za hospitalini huwa na vipimo vingi kuliko za shambani.

PCR ni chanya. Safari ndiyo imekufa?

Safari ya mwezi huu, ndiyo. Wewe, hapana. Hapa nina furaha ya kuzungumza kwa sababu nakumbuka zamani. Dawa ilikuwa sindano za interferoni, hata wiki 48, mtu ananyong'onyea, nywele zinakatika, na wengi hawakupona. Tangu mwisho wa mwaka 2013 mambo yalibadilika. Leo ni vidonge, kwa mfano sofosbuvir pamoja na daclatasvir, au sofosbuvir pamoja na velpatasvir, kwa kawaida kimoja au viwili kwa siku kwa wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika 100 hupona kabisa. Sijui ugonjwa mwingine mzito wa virusi unaodumu mwilini ambao tunaweza kusema neno "kupona" bila kumung'unya.

Usinunue dawa mwenyewe mtandaoni. Daktari lazima ajue ini limefikia wapi, kama una dawa nyingine unazotumia, na kama una homa ya ini B pia, kwa sababu B iliyolala inaweza kuamshwa wakati C inaondolewa. Wiki 12 baada ya kumaliza vidonge unapimwa PCR tena. Ikiwa hakionekani, umepona.

Nimemaliza dawa, nimepona. Kipimo cha kituo kitarudi hasi baada ya muda gani?

Kwa wengi, hakirudi. Kingamwili hubaki miaka mingi, pengine maisha yote. Na hapa namwambia kila mtu aniangalie machoni: hakuna kidonge, juisi, mizizi wala maji ya kuchemsha yanayofuta kingamwili. Nimeletewa chupa za "kusafisha ini kwa siku 7" zenye picha ya ini jekundu na muhuri wa dhahabu. Baadhi ya hizo dawa za miti ndizo zinazoliumiza ini lenyewe. Mtu alikuja akiwa na ini zima, akaondoka nalo zima, akanywa chupa tatu, akarudi macho ya njano.

Mimi sijui hata nimeipata wapi. Mume wangu ananitazama vibaya.

Dada, mwambie mumeo kwanza asubiri PCR, kwa sababu pengine hujaipata popote. Kama ipo kweli, C husafiri kwa damu kukutana na damu. Kuongezewa damu zamani kabla ya upimaji kuwa wa uhakika, sindano zilizorudiwa, wembe wa chale au wa tohara uliopita kwa watu wengi, tatuu za mtaani, kinyozi anayekata bila kubadilisha wembe, na kujidunga unga. Pwani yetu, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, wanaojidunga heroini ndio walioathirika zaidi. Kwa ajili ya watu hao Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua mwaka 2011 kliniki ya methadoni, dawa inayowasaidia kuacha heroini. Kwa njia ya ndoa C huambukiza kwa nadra sana, tofauti na B. Haiambukizi kwa sahani, kikombe, kukumbatiana, jasho wala mbu.

Nanyonyesha. Niache?

Usiache. Maziwa hayaambukizi C. Chuchu ikipasuka ikatoa damu, pumzisha titi hilo mpaka lipone. Mama mwenye kirusi humwambukiza mtoto wakati wa ujauzito au kujifungua kama mara 5 katika 100, na mtoto atapimwa akifika umri unaofaa.

Kwenye karatasi yangu kuna herufi HBsAg. Ndiyo hiyo C?

Hapana, hiyo ni B, na huku Afrika Mashariki B ni ya kawaida kuliko C kwa mbali. B ina chanjo, C haina. Watu huchanganya mpaka wakaenda kutibiwa ugonjwa wa jirani. Tahadhari moja ndogo: ukichanjwa B leo ukapimwa ndani ya wiki mbili tatu, kipimo cha HBsAg kinaweza kutoka chanya kwa muda mfupi kwa sababu chanjo yenyewe ni hicho kipande cha kirusi. Usichanjwe Jumatatu ukaenda medikali Ijumaa ya wiki hiyo.

Wakala ameweka majibu yangu kwenye grupu la WhatsApp.

Hana haki hiyo. Majibu ni yako. Piga picha ya ujumbe kabla haujafutwa, kisha peleka malalamiko kwa mamlaka ya ajira iliyompa leseni. Na kama hana leseni, umepata jibu la swali jingine.

Nijipime kabla ya kulipa chochote?

Ndiyo, na ningependa swali hili liwe la kwanza badala ya karibu na la mwisho. Kabla hujauza mbuzi, kabla hujampa wakala shilingi, pima B na C kwa bei ya kawaida kwenye hospitali ya karibu. Kipimo cha C cha kujipima mwenyewe kwa mate nacho kipo duniani; Shirika la Afya Duniani liliidhinisha cha kwanza mwaka 2024. Ukitoka chanya, una muda wa PCR na hata wa matibabu bila saa ya viza kukupigia kengele. Ukiingia kwenye mfumo ndipo ujue, unakimbizana na tarehe.

Siku ya kurudia kituoni nibebe nini?

Majibu ya kwanza ya kituo pamoja na namba, si neno tu. PCR halisi yenye muhuri, na nakala mbili. Kipimo cha pili cha kingamwili kama unacho, chenye jina la mashine. Kama ulitibiwa, barua ya daktari na PCR ya wiki 12 baada ya dawa. Kama ulichanjwa B, kadi. Karatasi ya miadi, na uangalie tarehe yake ya mwisho. Na pasipoti yenyewe, si nakala. Nimeona mtu amebeba bahasha nzima ya ushahidi kutoka Morogoro, akarudishwa getini kwa sababu pasipoti iko kwa wakala.